Bwawa Lililopaliliwa

Jumanne, 8 Oktoba

Fimbo ya kupimia bwawa inaonyesha alama ya tatu. Jana ilikuwa ya nne. Jua la mwezi huu linakunywa kuliko watu wa kilabuni. Nimefungua mpira wa maji saa kumi na mbili asubuhi, nimeufunga saa nne.

Mwaka wa tatu sasa namwagilia kinamasi. Kwenye karatasi mimi ni mtunza bustani ya mji. Ndani ya bustani kuna hili bwawa, na ndilo ninalolipenda. Maua nayahudumia tu. Bonde zima la Kilombero ni maji na matope, halafu katikati ya Ifakara yupo mwanamke na mpira wake, anamwagilia tope. Wapita njia hunipa pole. Naipokea.

Zamani hapa palikuwa jaa. Nilitoa matairi, chandarua, na kiti cha plastiki cha miguu mitatu. Nikaleta mafunjo na ndago kutoka mtoni kwa baiskeli, nikaotesha yungiyungi, nikaweka perege. Hakuna aliyenifundisha. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimeyapata kwa kuchuchumaa.

Leo Mhandisi wa mji kaja. Kijana mwenye adabu. Shikamoo yake ni ndefu, na ikizidi kuwa ndefu najua nyuma yake kuna jambo. Lilikuwepo. Ofisi inataka bwawa lijazwe kifusi, pawe pa kuegesha magari. Watu wanalalamikia mbu, na Bwana Afya kaandika hivyo kwenye ripoti. Ila kifusi hakimwagwi kwenye maji. Watasubiri likauke.

"Kwani huwa linakauka lini, mama?"

Nikamwambia halikauki. Sikumwambia kwa nini. Mpira nilikuwa nimeukalia.

Naogopa. Nitaamka mapema zaidi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Alama ya tano. Juu kabisa.

Salum, mwenye duka la spea za baiskeli ng'ambo ya barabara, kanipigia kelele tangu kizingitini: "Dada Skola! Mbu wako jana wamenisalimia wote, mmoja mmoja!"

"Hao ni wako, kaka. Walikuwa wanarudi nyumbani."

Nyuma ya duka lake kuna rundo la matairi chini ya bomba linalovuja. Habari za matairi hataki kuzisikia.

Saa mbili asubuhi nimeona mdudu mbaya, wa rangi ya tope, akipanda bua la ndago. Akasimama. Akapasuka mgongoni. Akajitoa mwenyewe ndani ya mwenyewe, taratibu, kerengende mwekundu, mabawa yamekunjamana kama nguo iliyotoka kwenye ndoo. Akajianika. Akaruka. Lile ganda lake limebaki limeshika bua kwa miguu yote sita.

Nilisahau kunywa chai. Hilo si kawaida yangu.

Jumatano, 30 Oktoba

Shangazi kafariki Mlimba. Naenda na treni ya kesho. Nimejaza bwawa mpaka alama ya tano, siku nne litavumilia. Nimepita Lipangalala kwa Mama Otilia, mkuu wa kikundi cha palizi nilichokuwamo nilipokuwa bado nalima. Nimemwambia waniangalizie bwawa langu.

"Nenda ukazike, dada Skola. Bwawa lako ni letu."

Amenitoa machozi.

Jumatatu, 4 Novemba

Hakuna bwawa.

Nimesimama getini na mkoba wangu wa safari. Nilidhani nimeingia bustani ya watu wengine. Tuta limekatwa kwa jembe, kazi safi, pembe kwa pembe. Maji yote yameishia mferejini. Mafunjo hakuna. Ndago hakuna, hata mzizi. Yungiyungi zimerundikwa pembeni, zimesinyaa. Chini ni tope tupu, laini, limesawazishwa. Jaruba. Wamenitengenezea jaruba.

Wamebakiza mashina saba. Nimeinama kuangalia ni nini. Mpunga. Ndege waliuangusha huko nyuma, ukaota, nami sikuwahi kuuona.

Nimekaa chini. Sijalia. Nimekasirika mno hata kulia kumeshindikana.

Jumanne, 5 Novemba

Nimekwenda Lipangalala nikiwa nimejiandaa kugombana. Maneno niliyapanga njiani, mengine makali sana, yalinifurahisha.

Mama Otilia kanipokea kwa furaha. Kanishika mikono yote miwili.

"Uliyaona magugu yale? Jamani! Tulikuwa kumi na mmoja, siku mbili. Tukasema Skola asirudi msibani akakute pori."

Ndipo nikakumbuka. Ndio utaratibu wetu. Mmoja wa kikundi akifiwa, wenzake wanapalilia shamba lake kabla hajarudi. Mimi mwenyewe nimeshaifanya kazi hiyo kwa watu wengi. Na sina shamba tena. Wamekaa, wamefikiri, wakaona shamba langu ni lile. Wakakata tuta kwanza, kama inavyotakiwa, maana palizi ya mpunga haifanywi ndani ya maji ya magotini.

Kisha katoa sufuria. Perege wangu, wamekaangwa, fungu la mfiwa.

Nimesema asanteni. Nimekula. Walikuwa watamu, na hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi, 14 Novemba

Maji ya bomba kwa mgao. Hayatoki siku ya sita leo. Nimeziba tuta, lakini maji ya kuzuia hakuna. Tope limekauka, limepasuka vipande vya ukubwa wa sahani.

Mhandisi kapita. Kafurahi kama mtu aliyepewa mtoto.

"Mama, umeturahisishia kazi!"

Malori yanaanza tarehe 25. Nimejibu sawa. Ningejibu nini? Kwamba nimelikausha kwa wema wa watu kumi na mmoja?

Nimeng'oa vipande vya tope kujaza gunia, nimebeba nyumbani. Udongo wa pale unanata vizuri na jiko langu lina ufa. Kama litafukiwa, angalau nibaki nalo jikoni. Nimeona aibu kuwaza hivyo, lakini nimewaza.

Jumatatu, 25 Novemba

Lori tatu. Matofali yaliyovunjika, mchanga mwekundu, kipande cha choo cha mtu. Wamemwaga upande wa juu. Vumbi lilipofika dukani kwa Salum alisimama nje, mikono kiunoni, akitabasamu. Halafu akaniona. Tabasamu akaliondoa. Mtu wa heshima, pamoja na yote.

Kesho nyingine kumi.

Jumatano, 27 Novemba

Hazikufika kumi. Jana dereva hakuonekana. Leo lori la kwanza liliingia saa nne, na saa nne hiyohiyo mvua ikashuka kutoka upande wa Udzungwa, nyeupe, kama ukuta unaotembea. Lori limezama hadi ekseli. Dereva alitoka kupitia dirishani, viatu mkononi, akimtukana mtu ambaye hakuwepo.

Maji yakatafuta bwawa. Nusu yake yakakuta kifusi. Yakageuka, yakavuka barabara, yakaingia kwa Salum. Alitoka na ufagio. Miaka mitatu hajawahi kuingiwa na maji, wala hajawahi kujiuliza yalikuwa yakienda wapi. Leo kajiuliza kwa sauti, mtaa mzima ukamsikia.

Sikucheka. Nilicheka nilipofika nyumbani.

Ijumaa, 29 Novemba

Naandika polepole ili nisikosee.

Nilipomaliza kuziba jiko wiki iliyopita, sehemu ya udongo uliobaki niliiacha kwenye beseni la bluu uani. Mvua ya juzi ikalijaza. Leo asubuhi nimeinamisha beseni nimwage. Nikaona kitu kinatembea. Nikasema viluwiluwi vya mbu, tayari, Bwana Afya atanicheka. Nikainamisha zaidi.

Si mbu. Kiluwiluwi cha mbu huning'inia kichwa chini, na kikienda hujikunja-kunja. Hawa wamenyooka. Vijiuzi visivyo na rangi, vyembamba kuliko kope yangu. Kila kiuzi kina macho mawili. Nimeweka kijiko mbele yao wakageuka wote pamoja.

Ni samaki.

Nimehesabu ishirini na tatu nikaacha. Beseni hili lina udongo niliong'oa mkavu. Mkavu wa kutoa vumbi. Nilikanda mwenzake nikapiga jiko. Maji ni ya mvua. Hakuna mto, hakuna mfereji, hakuna mtu.

Nimekaa na beseni mapajani mpaka jirani kaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 1 Desemba

Misa ya kwanza, kisha bwawani moja kwa moja. Lori limevutwa, limeacha mifereji miwili mirefu ya matairi. Bwawa lina maji alama ya pili. Nimelala kifudifudi kwenye tuta na gauni la kanisani.

Wapo. Pembeni, penye joto, mamia.

Watoto wetu huambiwa samaki hawa hushuka na mvua. Nami niliambiwa, nami niliamini, hata niliwahi kukinga sufuria. Sasa najua hawashuki. Walikuwa chini. Mayai yalilala ndani ya tope lililopasuka, juani, nami nikipita juu yake na viatu.

Miaka mitatu sikuwaona. Miaka mitatu bwawa halikukauka, na perege wangu walikuwa wanene. Ningependa kusema nilishangaa kwa nini walikuwa wanene.

Nilidhani nalitunza.

Jumatano, 18 Desemba

Madume wamevaa.

Sina neno jingine. Wiki iliyopita walikuwa rangi ya maji machafu. Leo mmoja katoka kwenye kivuli cha tuta na mwili wa bluu, kila gamba limepigwa ukingo mwekundu kwa mkono wa fundi asiye na haraka, na mkia mwekundu kabisa. Urefu wa kidole changu kidogo. Akamtandazia jike mapezi. Jike, kijivu, hakujali. Akatandaza tena. Kisha wakashuka pamoja, ubavu kwa ubavu, wakabonyea kwenye tope, wakatetemeka kidogo, wakaondoka.

Pale walipobonyea wameacha yai. Nina hakika. Wiki tatu tangu wazaliwe, na tayari wanaweka akiba ya mvua ijayo, kana kwamba kuna mtu amewaambia maji haya ni ya muda.

Nimemwita Salum. Kagoma, kisha kaja, kisha kachuchumaa.

"Subhanallah," kasema. "Hawa wote kwenye matope haya haya?"

"Haya haya."

Kesho yake asubuhi matairi nyuma ya duka lake hayakuwepo. Hakuna aliyesema lolote. (Hili nimeliongeza tarehe 19.)

Alhamisi, 9 Januari

Bwana Afya kaja na kata yake ya kupimia na daftari. Mtu mzima, mkavu, mkweli. Anachota maji mahali, anahesabu viluwiluwi, anaandika. Hapokei soda.

Nimempeleka kwanza kwenye mifereji ya lori. Sikumdanganya, ipo njiani. Ipo njiani ukizunguka kidogo.

Kachota. Kata ilikuwa inachemka viluwiluwi. Kaandika. Kachota tena. Kaandika. Kisha tukaenda bwawani. Kachota mara kumi sehemu kumi. Viluwiluwi viwili tu. Kakunja uso, kachota tena mwenyewe mahali alipochagua, mbali na mimi. Hakuna.

"Mama Skola, umeweka dawa gani humu?"

Nimemwonyesha kwa kidole. Dume mmoja alikuwa anapita. Bwana Afya kavua miwani, kaifuta, kaivaa. Daftari lilimponyoka likaangukia maji, na hakuliokota haraka.

Sijui ripoti itasemaje. Karatasi zake zilikuwa zimelowa.

Jumanne, 21 Januari

Barua imetoka. Mhandisi kaileta mwenyewe, shikamoo fupi, nikajua ni habari njema.

Bwawa linabaki. Kifusi kilichokwisha kumwagwa kitabaki pia, patawekwa mabenchi. Nimepima: lilikuwa hatua thelathini na mbili, sasa ishirini na moja. Nimepoteza kumi na moja. Nilikuwa nimejiandaa kupoteza zote.

Kisha nikasoma chini. Kwa kuwa samaki wamewavutia wananchi, ofisi itaweka tangi ili bwawa lisikauke mwaka mzima. Na mwezi ujao watapanda perege na kambare, watu wavue Jumapili.

Nimeisoma mara tatu. Mhandisi alikuwa anangoja nifurahi.

Wema tena. Huu ni mwaka wangu wa kuuawa kwa wema. Na siwezi kumlaumu, kwa sababu ndicho kitu hasa nilichokuwa nakifanya mimi, kwa mpira, miaka mitatu, tena kwa kujisifu. Maji yakibaki, perege watakula kila kitu. Tope lisipokauka, mayai hayatajua kwamba mvua imekuja, kwa kuwa haitakuwa imeondoka.

Nimejaribu kumweleza. "Samaki wanaohitaji ukame, mama?" Kacheka kwa adabu. Mie pia ningecheka.

Jumatano, 29 Januari

Nusu ya gunia bado ilikuwepo jikoni, juu ya dari ya kuni. Udongo wa Novemba. Umekauka kama tofali.

Nimeuweka kwenye beseni la bluu, nimekwenda ofisini. Mama Otilia kanisindikiza. Nilimwambia yote jana, pamoja na kilichonikasirisha Novemba. Akaniuliza kwa nini nilikula wale perege. Nikasema walikuwa watamu. Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Yeye na wenzake wataleta mafunjo mapya kutoka mtoni. Kakubali kwa sharti moja, kwamba asiombwe kuyaheshimu.

Nimeweka beseni juu ya meza ya Mhandisi, kando ya kompyuta. Nikamwomba ashike udongo mwenyewe. Kaponda kipande, vumbi likamwangukia shati. Nikamwomba aangalie kama kuna samaki. Kasema hakuna. Nikamwomba afungue chupa ya maji ya mvua niliyokuja nayo, amwage yeye, si mimi.

"Halafu?"

"Halafu ufunge ofisi, ufunguo uondoke nao wewe."

Mama Otilia kamtazama shati, kamwambia, "Mwanangu, ukirudi kesho usije ukapalilia."

Alhamisi, 30 Januari

Sikulala vizuri. Udongo ni wa zamani. Tena ulipondekapondeka guniani siku nilipoubeba. Huenda mayai yamekufa. Huenda wale wa Novemba walikuwa wa mwisho. Nilifika ofisini kabla ya mfagiaji.

Mhandisi kafungua mlango saa moja na nusu. Kaingia peke yake. Nikabaki kwenye benchi la nje na mikono mapajani.

Kisha akaniita, si kwa sauti ya ofisi. "Mama. Mama, njoo."

Alikuwa amepiga magoti sakafuni, macho usawa wa beseni. Suruali yake nzuri. Vijiuzi vilikuwa vinaenda huku na huko juu ya udongo alioupondaponda jana. Sikuhesabu. Yeye alikuwa anahesabu, midomo inacheza.

Wakaja watu wa vyumba vingine. Wa kodi, wa ardhi, mfagiaji na ufagio wake. Mwanamke mmoja kajiziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa. Samaki hawa nimewaona mara nyingi sasa, nami pia nikapiga magoti.

Mhandisi kaniuliza wanakaa humo muda gani bila maji. Nikamwambia sijui. Hilo ndilo jibu la kweli kuliko yote niliyowahi kumpa.

Kachukua ile barua, kakata mistari miwili kwa kalamu. Tangi. Perege. Kaandika juu yake: likauke.

Jumapili, 20 Julai

Alama ya chini kabisa ilikuwa wiki iliyopita. Leo hakuna maji.

Wa mwisho niliwaona Jumatano, wawili kwenye kidimbwi cha upana wa sinia. Dume rangi yake ilikuwa imepauka. Yangeyange alikuwa amesimama karibu, nami sikumfukuza. Ilikuwa ngumu. Bomba siku hizi linatoka vizuri, tena kwa nguvu.

Mafunjo ya kina Mama Otilia yamekauka majani, mizizi ipo. Tope limeanza kupasuka kutoka pembeni kuja katikati. Ukitulia unasikia, sauti ndogo sana, kama mtu anavunja kijiti chumba cha pili.

Sina kazi leo. Nimekaa kwenye benchi la kwenye kifusi, naangalia ardhi kavu. Sijawahi kuangalia kitu kilichojaa hivi.

Saa kumi mtu mmoja kakatiza na baiskeli, gunia la mpunga nyuma, anakwenda mashineni. Alitaka kupita katikati, ndiyo njia fupi. Nikasimama. Nikamwomba azunguke.

Kaangalia lile tope. Kaniangalia mimi.

"Shikamoo, mama. Kwani hapo kuna nini?"

"Marahaba. Kuna samaki."

Alifikiri kidogo. Akashuka, akaizungusha baiskeli na gunia lake, akapita pembeni pole pole, akisukuma.

Nikakaa tena.